Baba alikuwa na miaka 36: nitayakumbukaje maisha yake, si kifo chake tu?

Binti wa Fundi aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninaomba ushauri wa watu waliofiwa na baba wakiwa wadogo, na pia wa yeyote aliyewahi kuishi kwa kazi ya cherehani, kwa sababu itakayoeleweka huko mbele.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani katika kituo kidogo cha biashara wilayani Muleba, mkoani Kagera. Usiku wa tarehe 20 Mei 1996 alipanda MV Bukoba pale Kemondo kwenda Mwanza kununua vitambaa, zipu na nyuzi, safari aliyokuwa akiifanya mara tatu au nne kwa mwaka, na asubuhi ya tarehe 21 meli ile ilizama ikiwa imekaribia kufika. Alikuwa na umri wa miaka 36. Mimi nilikuwa na miaka 6, na mdogo wangu wa kiume alikuwa bado tumboni mwa mama. Babu alikwenda Mwanza akakaa siku tisa akimtafuta, akarudi bila mwili na bila jibu. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800, na wengi wao walizikwa Igoma, jijini Mwanza. Sisi hatujui kama baba ni mmoja wao au ziwa halikumtoa. Kwetu mtu huzikwa kibanjani kwake, kwenye migomba yake, na watoto hupita kando ya kaburi kila siku wakienda kuchota maji. Baba hana kaburi hilo.

Mwaka huu nimefikisha miaka 36, na Mei 21 itatimia miaka 30. Linalonisumbua ni kwamba kila ninapomwuliza mtu habari za baba, ananisimulia meli. Shangazi anakumbuka alikuwa anamenya ndizi tangazo liliposomwa redioni. Jirani anakumbuka siku tatu za maombolezo alizotangaza Rais Mkapa, na jinsi watu walivyokusanyika penye redio wakisikiliza bila kusemezana. Nimesikia habari za kifo cha baba mara nyingi mno hata naweza kuzisimulia kana kwamba nilikuwepo, lakini sina wa kunieleza alikuwa anachekaje. Saa chache za mwisho zimeimeza miaka yote 36 iliyotangulia. Mdogo wangu ana hali ngumu kuliko mimi, kwa kuwa yeye hana hata kumbukumbu moja ya kwake; ukimwambia "baba" anachokiona ni chuma kikielea majini.

Ninayoyakumbuka mwenyewe ni machache, na moja nitalieleza kwa urefu. Januari 1996 niliwafuata watoto wa jirani waliokwenda kuandikishwa shule, ingawa umri wangu haukutosha. Mwalimu alituagiza kila mmoja apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Mkono wangu haukufika. Nilirudi nyumbani nikilia, na baba hakunibembeleza kwa maneno mengi, kwani hakuwa mtu wa maneno mengi. Baada ya Pasaka alinishonea sare kamili, sketi ya bluu ya marinda na blauzi nyeupe, miezi tisa kabla ya wakati wake, akaitundika ukutani mahali nitakapoiona, akasema, "Sare iko tayari, kazi iliyobaki ni ya mkono." Kila asubuhi nilisimama chini ya sare ile nikijaribu kulifikia sikio langu. Mkono ulifika baada ya yeye kuondoka.

Sketi hiyo niliivaa tangu darasa la kwanza hadi la nne. Kila nilipoongezeka kimo, mama alifumua upindo kidogo, na nguo ikashuka tena hadi chini ya magoti. Nilipokuwa mtoto sikuona ajabu yoyote.

Kitu kingine alichoacha ni daftari la vipimo, ambalo mama alinikabidhi mwaka jana bila maelezo. Lina kurasa 96 zilizojaa mwandiko wake mdogo. Nanukuu mistari michache jinsi ilivyo: "Mke wa katekista, gauni, kifua 40, kiuno 36, urefu 47, bega la kushoto lishushwe nusu." "Kijana wa posta, suruali, kiuno 30, urefu 41, mfuko wa ndani." "Mjane wa juu, sare mbili, baada ya kahawa." Mbele ya majina mengi kuna duara dogo la kalamu ambalo sijui maana yake. Mwishoni kuna ukurasa wangu peke yangu: nimepimwa mara kumi na moja kati ya Aprili 1993 na Mei 1996, ingawa mama anasema nguo alizonishonea katika muda huo ni nne tu.

Basi naomba kujua: mliopitia hali hii, mliwauliza nini watu waliomjua mzazi wenu hadi wakaacha kusimulia kifo chake? Mama yangu yuko hai lakini hamzungumzii baba; nimwache, au kuna namna ya kumwendea? Je, ni sawa kuweka jiwe la kumbukumbu kibanjani ilhali hakuna mwili? Na kwa mafundi, daftari kama hili mtu wa kazi hiyo analisomaje?

---

Mkongwe wa Kirumba alijibu:

Binti yangu, pole. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza na mwaka ule nilikuwa kijana, muuzaji katika duka moja la vitambaa mjini. Habari za Igoma sitakueleza sana kwa kuwa umesema umezisikia za kutosha. Nitakwambia tu kwamba wale ambao hawakutambuliwa na ndugu zao hawakuzikwa na wageni wasiojali. Watu wa mji huu waliacha shughuli zao, wakazika watu wasiowajua kama wanavyozika wa nyumbani kwao, na mnara uliopo pale bado huwakusanya watu kila Mei 21. Ukija, utamkuta mtu wa kusimama naye.

Ninachotaka kukupa ni kingine. Wewe unaijua safari ya baba yako kwa upande wa Kagera, pale alipoaga, lakini upande wa Mwanza wa safari zake zile nyingine, zilizofika salama, hakuna aliyewasimulia. Mimi niliziona. Sidai kwamba nilimjua baba yako, kwani mafundi walikuwa wengi na majina nimeyasahau, lakini desturi yao naikumbuka vizuri.

Meli ilifika asubuhi, na mafundi kutoka Bukoba na Muleba walikuja dukani moja kwa moja kutoka bandarini, wakiwa bado na baridi ya ziwa mwilini, kwa sababu wengi walisafiri daraja la tatu na walilala wamekaa. Walikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa yadi na rangi, na pembeni majina ya wateja. Hawakununua kwa macho. Fundi mzuri alichomoa uzi mmoja kutoka ukingoni mwa jora, akauwasha kwa kiberiti akanusa moshi: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha majivu laini, na nailoni hujikunja ikawa kidonge kigumu. Kisha alilowesha pembe ya kitambaa na kuisugua kwenye leso nyeupe kuona kama rangi inatoka. Tajiri yangu alichukia sana mchezo huo, lakini hakuthubutu kumkatalia fundi wa namna hiyo, maana ndiye aliyerudi kila baada ya miezi mitatu na fedha taslimu.

Kwa kitambaa cha sare walikuwa wakali zaidi. Bluu ya shule ikichuja, mzazi haendi kumlaumu mwenye duka Mwanza, anakwenda kwa fundi kijijini. Kama sketi yako ilidumu miaka minne ya jua na sabuni ya mche, basi siku moja mtu alisimama mbele ya kaunta kama yangu, na kiberiti mkononi, akakataa majora mawili au matatu kabla ya kulikubali moja. Hiyo ni habari ya baba yako ambayo haina kifo ndani yake.

---

Mama Mkoani alijibu:

Assalaam alaykum, mdogo wangu. Nakuandikia kutoka Pemba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, katika mkondo wa Nungwi, MV Spice Islander ilizama na baba wa watoto wangu alikuwemo, akirudi nyumbani kutoka Unguja. Hakuonekana. Ilisaliwa swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, nikakaa eda miezi minne na siku kumi, na khitma husomwa kila mwaka. Kwa hiyo mimi si mtoto aliyefiwa, mimi ni huyo mama anayenyamaza, na ningependa nikueleze yaliyomo ndani ya kimya hicho.

Mwanamke ambaye mumewe hakuzikwa mbele ya macho yake huchelewa sana kuamini. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisikia hodi ya usiku najikuta nimeshasimama. Kumzungumza kwa neno "alikuwa" kulikuwa kama kumfungia mlango mwenyewe, na kumzungumza kwa neno "yuko" kungewafanya watu wanione nimepotewa na akili. Baina ya maneno hayo mawili hapakuwa na neno la tatu, basi nikanyamaza, na watoto wakadhani nimemsahau au sitaki wamjue.

Aliyenifungua mdomo ni mwanangu wa mwisho, aliyekuwa na mwaka mmoja baba yake alipoondoka. Hakuniambia "nisimulie habari za baba". Swali pana kama hilo lingenirudisha baharini. Siku moja ninakuna nazi, akaniuliza, "Mama, baba alikuwa akikaa wapi unapokuna nazi?" Nikamjibu bila kufikiri, kwamba alikuwa akikaa pale kizingitini na kuomba tui la kwanza alambe, na nikimkatalia hulalamika kwa sauti ya kitoto. Nikaiigiza sauti yenyewe. Tulicheka wote, na baada ya hapo nililia, lakini yalikuwa machozi mengine.

Kwa hiyo usimwendee mama yako na daftari na kalamu, wala usimkalishe kitako kama shahidi. Kaa naye kwenye kazi iliyokuwa ya wawili wao, na uulize kitu kidogo kinachoshikika: alikunywa chai ya namna gani, alikasirishwa na nini, alilala upande upi. Na umwombee dua baba yako, kwani sisi tumefundishwa kwamba dua ya mtoto mwema ni katika mambo matatu yasiyokatika mtu anapofariki. Najua dini zetu zaweza kuwa mbili, lakini dua sidhani kama inauliza.

---

Ndugu wa Rorya alijibu:

Dada, pole sana. Nitajibu la jiwe tu. Sisi Wajaluo tunaoishi kando ya ziwa hilohilo tumezoea msiba wa aina hiyo tangu zamani, na mtu akipotea majini asipopatikana, wazee huchukua tunda la mti wa yago, lile refu na zito, wakalizika nyumbani mahali pake kwa taratibu zote za maziko. Halifanywi kwa mzaha, watu huomboleza na kaburi huheshimiwa kama makaburi mengine. Sikuambii mfanye hivyo, kwa kuwa kila kabila lina wazee wake na wenu ndio wa kuulizwa. Nasema tu kwamba wazo la kumpa mtu mahali kibanjani bila mwili wake si geni wala si kosa. Msiweke jiwe kabla ukoo haujakaa, lakini pia msikubali ukoo ukae miaka mingine 30.

---

Fundi wa Mji Mpya alijibu:

Dada yangu, nimeshona kwa miaka 27 hapa Morogoro, na aliyenifundisha kazi alikuwa mtu wa umri wa baba yako, aliyeandika daftari kama hilo. Nimeisoma mistari yako mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Nitaanza na midogo.

"Bega la kushoto lishushwe nusu." Watu wengi wana bega moja lililo chini kuliko jingine, na wengi wao hawajui, au wanajua na wanaona haya. Fundi asiyejali hushona mabega sawa, gauni likavutwa upande, na mteja akadhani mwili wake ndio wenye kasoro. Fundi mwenye mdomo humwambia mbele ya watu. Baba yako aliandika na akashusha nusu inchi. Kama mama huyo yuko hai, nenda kamwulize kama aliwahi kuambiwa.

"Baada ya kahawa" ni deni, bila shaka unajua. Lakini angalia kwamba hakuandika kiasi. Anayekusudia kudai huandika kiasi. Sare mbili za watoto wa mjane zilizoandikwa bila bei ni nguo ambazo mwenye daftari alikuwa amekwisha kuamua jambo fulani moyoni mwake.

Kuhusu duara, kila fundi ana alama zake na siwezi kuapa. Nitakwambia ya mwalimu wangu. Watu husema fundi hula kitambaa, na ni kweli kwamba wapo wanaoagiza yadi tatu wakatumia mbili na nusu. Mwalimu wangu aliweka duara mbele ya jina la kila mteja aliyekwisha kumrudishia masalio ya kitambaa chake, hata kama ni vipande vya kiganja, ili siku mteja akiuliza pawe na jibu. Tafuta wateja wawili wenye duara na wawili wasio nalo, uwaulize kama walirudishiwa vipande. Utajua ndani ya siku moja.

Sasa nije kwenye vipimo vyako kumi na moja. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita huongezeka, lakini hakuna fundi anayehitaji kumpima kila baada ya miezi mitatu kwa nguo nne. Kipimo cha mtoto hukadiriwa kwa jicho na kuongezwa. Mimi nina mabinti wawili, na najua kilichokuwa kinatokea pale. Kumpima mtoto ni kumzungushia mikono kifuani ukishika futi, ni kumwambia asimame wima, asicheke, apumue, na yeye anacheka. Mtu asiye na maneno mengi alikuwa amepata njia yake, na kila alipoipitia aliandika tarehe. Ukiniuliza mimi, ukurasa huo si wa kazi.

Sketi ndiyo iliyonizuia kulala. Upindo wa kawaida wa sketi ya shule ni inchi mbili, na mteja asiyesema kitu hupewa moja na nusu, kwa kuwa kitambaa ni fedha. Mtoto wa umri wako wakati ule huongezeka kimo kwa sentimeta tano au sita kwa mwaka, na sketi hudai karibu nusu ya hizo. Kwa inchi mbili ungefika darasa la pili, labda na miezi kadhaa juu yake, kisha magoti yangeanza kuonekana. Wewe umefika la nne, na mama yako alikuwa anafumua "kidogo" kila mara, maana yake hapakuwa na upindo mmoja mpana. Upindo mpana mno huifanya sketi iwe nzito na isimame kama kengele, na marinda hayalali. Aliyeshona nguo hiyo alikunja tabaka juu ya tabaka kwa ndani, kila moja na mshono wake wa mkono, mishono mirefu iliyolegea ili asiyekuwa fundi aweze kuifumua kwa wembe bila kuchana nguo. Kazi hiyo ni ya jioni kadhaa, wala haina malipo.

Nina swali moja. Uliacha kuivaa darasa la nne kwa sababu urefu ulikwisha, au kwa sababu kiuno kilikataa? Kwenye urefu unaweza kukunja akiba utakavyo, lakini kiunoni nafasi ni ndogo, na sketi nyingi hushindwa hapo kwanza. Fundi wa hesabu za namna hiyo hakati kitambaa kwa miaka minne, anakata kwa miaka saba. Kama mama yako hakuitupa, geuza nguo utazame upindo wa mwisho kabla mtu hajaugusa.

---

Binti wa Fundi aliandika tena:

Nimechelewa kurudi hapa kwa sababu nilitaka kwanza niende nyumbani, na nilipata likizo wakati wa Pasaka. Nawashukuru wote, na wewe Mama Mkoani naomba nikuite dada, kwani shauri lako ndilo nililolifuata kwanza.

Sikumwuliza mama swali lolote siku mbili za mwanzo. Siku ya tatu nilitoa cherehani ya baba iliyokuwa imefunikwa kwa shuka chumbani kwa babu, nikaanza kuipangusa kutu, na mama akaja akasimama nyuma yangu akasema ninaishika vibaya. Akaketi yeye. Nikamwuliza baba alikuwa anaimba akishona au ananyamaza. Akasema alikuwa anahesabu. Alihesabu mishono kwa Kihaya, kwa sauti ndogo, na akifika mia alisimama kidogo kama mtu aliyefika juu ya kilima, na ukimsemesha kabla ya mia hakujibu hata kama nyumba inaungua. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, akacheka, kwa sababu yeye ni fundi umeme na anafanya hivyohivyo akikunja nyaya, na hakuna aliyemfundisha.

Mke wa katekista yuko hai, amezeeka sana. Nilipomtajia bega la kushoto alinyamaza, kisha akaniambia kwamba mafundi wawili kabla ya baba walimwambia habari ya bega lake mbele ya watu, na kwamba baba yangu hakumwambia kamwe, ila gauni lilikaa. Alidhani labda bega lilikuwa limepona. Jina lake lina duara. Alikwenda ndani akaniletea foronya iliyoungwa kwa vipande vya maua, akasema hivyo ndivyo vipande alivyorudishiwa, vimefungwa kwa uzi, pamoja na gauni. Mjane hakuwahi kudaiwa. Mwanawe mkubwa, ambaye leo ni mwalimu, alinisaidia kubeba mawe.

Ukoo ulikaa Jumatatu ya Pasaka. Jiwe litawekwa upande wa kushoto wa kaburi la babu, Mei 21, na wazee wamekubali liandikwe jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na neno "fundi". Mjomba alitaka meli itajwe. Mama alisema hapana, na hakuna aliyebishana naye. Mkongwe, wiki hiyohiyo tutakuja Mwanza, mimi na mdogo wangu, na tungependa kusimama Igoma pamoja nawe, kisha utuonyeshe lilipokuwa duka.

Fundi, kiuno ndicho kilichokataa. Mama hakuitupa. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku la bati, imekunjwa katika gazeti. Tuliigeuza juu ya kitanda, sisi watatu, na upindo wa mwisho upo, inchi moja na robo, umeshonwa kwa mkono kwa mishono mirefu iliyolegea kama ulivyosema. Mama alileta wembe akaniuliza kama nataka kufumua. Tulifumua mishono minne tu, pembeni, mdogo wangu akaingiza kidole. Sketi yote imepauka hadi kuwa rangi ya majivu, lakini humo ndani, mahali ambapo jua halikufika tangu baba alipopakunja, kitambaa bado ni bluu.